Jioni ya mtoto wa shule: usingizi, kazi, kusoma

Anza na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Kama gari la shule humpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu ya msongamano wa Barabara ya Thika jijini Nairobi, ataamka saa kumi na moja. Kwa hiyo saa mbili usiku awe amelala. Akisinzia darasani, hakuna tuisheni itakayofidia.

Kazi ya nyumbani ifanywe mara tu baada ya chai, televisheni ikiwa imezimwa. Usimfanyie. Mwalimu akiona majibu safi hatajua palipomshinda.

Kisha asome kwa sauti dakika 15. Ukurasa ukiwa na maneno matano asiyoyajua, kitabu hicho bado kigumu. Tafuta chepesi zaidi, hata katika maktaba ya umma ya Buruburu au Kaloleni. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumsaidia. Wazazi wengi hulitaja neno upesi mno, mtoto akazoea kungoja. Mwishoni mwulize kuhusu mhusika wa hadithi, "Kwa nini alifanya hivyo?" Akishindwa kujibu, ametamka maneno tu; rudieni aya hiyo pamoja.

Ripoti ya shule ikionyesha kwamba "anakaribia matarajio", yaani bado hajafikia kiwango kinachotarajiwa, mwulize mwalimu: katika stadi ipi hasa?