Namna ya kuanzisha kikundi cha sanaa kitaani Mtwara, madogo wasiishie kwenye wizi

Kwanza tuelewane, ngoma peke yake haimzuii mtu kuiba, kuna wapiga ngoma wazuri tu ambao ni vibaka. Kinachosaidia ni kwamba kuna sehemu dogo anasubiriwa saa fulani, kuna kazi itakwama asipofika, na kuna mtu mzima ataanza kuuliza "fulani yuko wapi leo" kabla jua halijazama. Sanaa inafanya haya yote yasionekane kama adhabu. Ukilishika hilo mengine ni kupanga.

Anza na kalenda. Huku kwetu ikifika Oktoba hivi msimu wa korosho umepamba moto, minada inaenda, hela inatembea, sherehe kila kona, afu kuna jamaa wa kangomba wananunua korosho kienyeji na wala hawaulizi umetoa wapi, kwahiyo dogo wa miaka 14 akiingia shamba la mtu usiku akatoka na ndoo moja anajua pa kuipeleka kabla hakujakucha. Sasa watu wengi wanaanzisha vikundi mwezi wa sita shule zikifungwa, wanakusanya watoto, picha zinapigwa, tisheti zinagawiwa, Oktoba ikifika kikundi hakipo. Yani kinakufa muda uleule kinapohitajika. Anza mwezi wa saba mwishoni, ukitegemea kwamba mpaka msimu uanze wameshazoeana. Saa ni kuanzia kumi jioni mpaka karibu na magharibi, uliza kwanza madrasa zinatoka saa ngapi, Ijumaa pumzisheni, na Ramadhani ngoma zikae kimya mfanye kuchora na kuchonga.

La pili, usikusanye watukutu peke yao. Najua ndo wazo la kwanza linalokuja, mtendaji anakupa majina ya walioshindikana, unawaweka pamoja, unawafundisha. Hapana. Marekani kuna utafiti ulianza 1939 miji ya Cambridge na Somerville kule Massachusetts, vijana zaidi ya 500, nusu wakapewa washauri na msaada wa kila aina na nusu wakaachwa, mtafiti Joan McCord akawafuatilia miaka 30 baadae na mwaka 1978 akaonesha kwamba waliosaidiwa hawakuwa nafuu, kwenye mambo mengine walikuwa na hali mbaya zaidi, na alipochimba zaidi akakuta walioumia hasa ni wale waliopelekwa kambi za likizo mara kwa mara, kukaa na wenzao wa aina ileile. Wanafundishana. Kwahiyo changanya, kwa kila mmoja unayemhofia tafuta watatu wanne wa kawaida tu, na usimwambie mtu yeyote nani ni nani. Jina la kikundi pia liwe la kikundi cha sanaa, sio "vijana walioacha uhalifu", nani anataka kuonekana na tisheti ya hivyo mbele ya bibi yake.

Sanaa gani? Waulize wenyewe, na jiandae kusikia singeli. Wazee watakuja juu kwamba mnaacha sindimba mnafanya fujo za Dar, we kubali singeli iingie, simu moja na maiki ya bei rahisi vinatosha kuanzia, sharti ni moja tu mashairi yaandikwe na yasomwe kwa sauti kabla ya kurekodiwa. Ila ngoma usiiache, na sababu yangu wala sio utamaduni. Ngoma ya ngozi lazima ipashwe moto kabla haijapigwa, ngozi ikilegea mlio unakuwa kama ndoo ya plastiki, kwahiyo mtu lazima afike nusu saa kabla ya wenzake, akusanye makuti na vifuu, awashe, azisogeze ngoma na kuzigeuza huku anazigonga kidogo kidogo kusikiliza kama zimekaza, na akizubaa ngozi inaungua. Kazi hiyo mpe yule ambaye saa kumi jioni huwa yuko maskani na makaka wakubwa. Asipotokea hakuna mazoezi na kila mtu anajua ni kwanini, akitokea hakuna anayemshukuru maana ni kazi yake, na kwa dogo wa hivyo hiyo ni heshima kubwa kuliko hotuba.

Mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hapo tulia. Ni mambo ya jando na yana wenyewe, usiwape watoto vinyago vya mapiko wacheze navyo kabla hujakaa na wazee wakakwambia kipi kinaruhusiwa na mbele ya nani. Kuchonga vitu vingine ruksa, ila waanze na mti mwepesi, mpingo ni mgumu, ghali, na una taratibu zake za maliasili. Tezo na patasi zitoke kwa hesabu zirudi kwa hesabu, anayehesabu wawe wawili. Usimpe mtu mmoja funguo wiki ya kwanza eti unamwonesha unamwamini, huo ni mtego.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni igizo shirikishi, ule mtindo wa Mbrazili Augusto Boal, mtazamaji anasimamisha igizo na kuingia mwenyewe. Wape tukio dogo: uko kijiweni, kaka unayemheshimu anakuja na simu, "nishikie hii mpaka kesho, kuna buku tano yako". Dogo anajibu nini? Wa kwanza kuingia atasema "kaka wizi ni dhambi" na wote watacheka, maana hakuna anayeongea hivyo na kaka. Wa pili atakimbia. Rudieni, rudieni, mpaka mmoja atasema "bi mkubwa ananipekua kila usiku, hiyo ataiona tu", na hapo hata anayeigiza kaka anakosa la kusema. Hilo ndo jibu analoweza kulitumia kweli kesho, amekataa na hajamvunjia mtu heshima. Wewe usitoe jibu, hata kama linakuwasha mdomoni.

Mzazi asaini, watu wazima wawe wawili muda wote, na mabinti waondoke kwa makundi kabla giza halijaingia. Mtendaji na polisi kata wajue mpo, ila daftari la mahudhurio polisi wasilichukue, siku likichukuliwa umeshapoteza wote. Hela ikipatikana, mmealikwa harusini au mmecheza Nanenane pale Ngongo, Lindi, gawaneni palepale mbele ya wote, msisubiri kesho. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ambapo vijana wana 4, iwe baadae na kwa waliofika 18 tu, nimeona mkopo ukigeuza kikundi kuwa kikao cha madeni.

Na mmoja akikamatwa, maana atakuja kukamatwa mmoja, nenda kituoni siku hiyohiyo na mzazi wake na afisa ustawi wa jamii. Chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 na hatakiwi kuchanganywa na watu wazima mahabusu, kalisemee hilo kwa upole ila usiondoke. Wanaobaki waambie ukweli mfupi bila kumtukana. Kama ndo alikuwa mtu wa kupasha ngoma moto, wapeane zamu mpaka arudi, usimweke mtu wa kudumu.