Kabla Ukuta Haujazibwa: Kuchagua Vifaa na Kuwasimamia Mafundi katika Ukarabati wa Nyumba

Wenye nyumba wengi huanza ukarabati kwa kuvunja, kisha huenda dukani kutafuta mabomba ya kufungulia maji, beseni na choo wakati fundi amekwisha kulaza mabomba ya ukutani na anasubiri. Utaratibu huo umegeuzwa. Kifaa kinachoonekana ndicho kinachoamua mabomba yasiyoonekana yapite wapi, yatokeze kwa kimo gani na yawe na upana gani. Kwa hiyo kinapaswa kuchaguliwa, na ikiwezekana kununuliwa, kabla nyundo haijagusa ukuta. Ukuta ukishapigwa lipu na kubandikwa vigae, kubadili kifaa maana yake ni kuvunja tena.

Choo cha kukaa ni mfano mzuri. Vipo vyoo vinavyotoa uchafu chini kupitia sakafu, na vipo vinavyoutoa nyuma kupitia ukuta, na huwezi kuweka kimoja mahali palipoandaliwa kwa ajili ya kingine bila usumbufu. Hata katika vile vya sakafuni, umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la bomba hutofautiana: milimita 305 ni kipimo cha kawaida katika baadhi ya nchi, lakini vipo vyenye umbali mfupi zaidi. Umbali huo hupimwa kuanzia kwenye uso wa ukuta uliokwisha kumalizika, si kwenye tofali tupu. Lipu ya milimita 15, gundi ya milimita 5 na kigae cha milimita 10 kwa pamoja hula sentimita 3, na upungufu huo unatosha kabisa kukifanya choo kisikae mahali pake. Bomba la ukutani la kuchanganya maji ya moto na ya baridi nalo kwa kawaida huhitaji milimita 150 kati ya tundu moja na jingine. Viungio vilivyopinda vinavyouzwa pamoja nalo husawazisha tofauti ndogo tu. Ndiyo maana nashauri fundi bomba akabidhiwe kifaa chenyewe kikiwa kwenye boksi lake, au walau karatasi ya vipimo iliyotoka kiwandani. Picha iliyotumwa kwa simu haina vipimo, na fundi asiye na vipimo atakadiria.

Msukumo wa maji ni jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache, na bado ndilo litakaloamua kama bomba la mvua ulilolipenda litafanya kazi. Tangi lililowekwa juu hutoa msukumo kwa kadiri ya kimo chake: kila mita 10 za kimo hutoa takribani bari 1, kipimo cha msukumo ambacho huandikwa kwenye maelezo ya vifaa vingi. Iwapo uso wa maji uko mita 3 juu ya kichwa cha bomba la mvua, msukumo ni bari 0.3 tu, hata tangi liwe kubwa namna gani, kwa kuwa ujazo hauongezi msukumo. Vichwa vipana vya bomba la mvua na mabomba mengi ya kisasa ya mkono mmoja huhitaji zaidi ya hapo ili maji yatoke vizuri. Kwa hiyo soma kwanza kiwango cha chini kinachotakiwa, kisha uchague kifaa kinachokubali msukumo mdogo, au upange pampu mapema, maana pampu nayo inahitaji waya wa umeme na mahali pa kukaa.

Kuhusu ubora, usidanganywe na mng'ao. Vifaa viwili vinaweza kung'aa sawasawa, kimoja kikiwa cha brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na kingine cha zinki iliyochanganywa na metali nyepesi, ambayo huliwa na maji mapema zaidi. Vishike vyote viwili mkononi. Kwa ukubwa uleule, cha brasi kwa kawaida ni kizito zaidi. Mabomba yanayofunga maji kwa visahani vya kauri hukaa bila kuvuja kwa muda mrefu kuliko yale yenye washa za mpira, lakini washa ya mpira ni rahisi kupatikana na kubadilishwa, jambo ambalo mimi silidharau hata kidogo. Muulize muuzaji kama kiini cha ndani, kile kinachofungua na kufunga maji, kinauzwa peke yake. Akisema hakiuzwi, basi siku kitakapoharibika utabadili bomba zima. Na kila bafu liwe na valvu yake ya kufungia maji, mahali panapofikika kwa mkono bila kuvunja kitu.

Vigae vinunuliwe kwa mara moja, vikiwa na namba moja ya toleo kwenye maboksi, kwa sababu rangi hutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo. Ongeza asilimia 10 juu ya eneo ulilopima, au asilimia 15 kama vitalazwa kwa mshazari. Vya sakafu ya bafu viwe na uso wenye ukwaruzo, hata kama vile laini vinapendeza zaidi. Taa zinazokaribia maji ziwe na alama ya IP44 au zaidi, yaani alama ya kiwango cha kinga ya kifaa cha umeme. Tarakimu ya pili ndiyo inayoonyesha kinga dhidi ya maji.

Sasa tuje kwa mafundi. Kabla ya kukubaliana bei, omba kuonyeshwa kazi ambayo fundi aliimaliza mwaka mmoja au zaidi uliopita, si ile ya mwezi jana, kwa kuwa uvujaji, nyufa na vigae vilivyoachia huhitaji muda ili vionekane. Zungumza na mwenye nyumba ile, umuulize hasa kama fundi alirudi alipoitwa kurekebisha kasoro. Kisha yaandikwe makubaliano, hata yakiwa ya ukurasa mmoja: kazi gani itafanyika na ipi haimo, nani ananunua vifaa, nani anaondoa kifusi, malipo yatatolewa katika hatua zipi. Malipo ya awali yatoshe kuanzia hatua ya kwanza tu. Hatua nazo zifungwe kwenye kazi inayoonekana, kwa mfano mabomba yote kulazwa na kupimwa, wala si kwenye tarehe, kwa kuwa tarehe hufika hata kama kazi haijafika.

Mabadiliko yatakuwapo. Ukivunja ukuta wa zamani unaweza kukuta waya uliochakaa au bomba lililooza, na hilo si kosa la fundi. Tenga akiba ya asilimia 10 hadi 20 ya bajeti kwa ajili hiyo. Lakini kila badiliko liandikwe pamoja na bei yake na siku litakazoongeza, kabla halijaanza kutekelezwa. Vilevile achaguliwe mtu mmoja katika nyumba wa kutoa maagizo. Pale ambapo baba anasema hivi asubuhi na mama anasema vile jioni, fundi hulaumiwa kwa lolote atakalofanya, na huo ni uonevu.

Usimamizi haumaanishi kusimama nyuma ya fundi kutwa nzima. Unamaanisha kuwapo kabla kila kitu kinachofunikwa hakijafunikwa, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mabomba ya maji safi yajazwe maji na kupimwa kwa pampu ya mkono, kwa msukumo wa mara moja na nusu ya ule wa matumizi, huku mshale wa kipimo ukiangaliwa kama unashuka. Piga picha kila ukuta ulio wazi, ukiwa umeweka futi kamba kando ya mabomba na nyaya, ili siku ya kutoboa tundu la kutundikia kabati ujue pa kuepuka. Sakafu ya bafu, ikishapakwa tabaka la kuzuia maji, izibwe tundu lake na ijazwe maji kwa saa 24, kisha ukague dari ya chini au ukuta wa jirani kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa. Mteremko kuelekea kwenye tundu uwe wa milimita 10 hadi 20 kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji na utazame kama yanatuama pembeni. Zege jipya limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau, na fundi anayesema halihitaji aombwe kwa upole aeleze kwa nini.

Upole huo ni wa lazima. Fundi ana ujuzi ambao mwenye nyumba hana, na akiulizwa kwa heshima huonyesha hatari ambazo michoro haikuziona. Mlipe siku uliyoahidi, naye apate choo na maji ya kunywa mahali pa kazi.

Kazi ikikaribia kwisha, pita chumba kwa chumba mkiwa pamoja naye. Gongagonga vigae kwa kidole ili usikie vyenye uwazi chini, fungua mabomba yote kwa wakati mmoja, vuta maji chooni mara kadhaa, chunguza chini ya kila sinki kwa karatasi kavu inayoonyesha hata tone dogo. Kasoro ziandikwe katika orodha moja ambayo nyote wawili mtatia sahihi. Asilimia 5 hadi 10 ya malipo, kama mlivyoandika katika makubaliano, ibaki mkononi mwako hadi orodha hiyo iishe na bafu litumike kwa majuma kadhaa bila kuvuja. Vigae vilivyobaki viwekwe stoo pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toleo, na dhamana na risiti ziwe kwenye bahasha moja na zile picha za kuta.