Namna ya Kukarabati Kinanda cha Mabomba cha Parokia

Kabla hujagusa bomba hata moja, soma historia ya kinanda chenyewe: tafuta mikataba na kumbukumbu za parokia, kisha uzilinganishe na alama walizochora mafundi kwenye mabomba. Katika kanisa la St. Jacobi mjini Hamburg, kinanda alichokikamilisha Arp Schnitger mwaka 1693 kilipoteza mabomba yake ya mbele mwaka 1917, yalipochukuliwa kuyeyushwa kwa ajili ya vita; mengine yalihamishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, yakanusurika kanisa lilipoungua mwaka 1944. Fundi Jürgen Ahrend, aliyemaliza ukarabati mwaka 1993, aliyaunda upya yale yaliyopotea.

Piga picha, andika namba ya kila bomba, ndipo ulitoe kwa mikono miwili likiwa wima, kwa kuwa mchanganyiko wa metali za risasi na bati unaoundia mabomba ni laini, na bomba kubwa likiegemezwa vibaya hubonyea kwa uzito wake lenyewe. Vaa glavu na barakoa, maana vumbi la risasi ni sumu. Futa kwa brashi laini, wala usiusugue mdomo wa bomba: mkwaruzo mdogo pale hubadilisha sauti moja kwa moja.

Ngozi ya mvukuto iliyopasuka ibandikwe upya kwa gundi ya wanyama, ambayo fundi wa kesho ataweza kuiondoa kwa maji ya moto. Gundi za kisasa zisizobanduka naziona kosa kubwa. Sauti zilinganishwe mwisho, kanisa likiwa na joto la wakati wa ibada, kwani joto likipanda, sauti ya mabomba nayo hupanda.