Namna ya kuona kazi ya utando wa seli kwa kitunguu na chumvi

Utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke, una unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi, ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200. Kwa hiyo ule mstari unaoizunguka seli ya kitunguu, ambao wanafunzi wengi huuandikia "utando" katika michoro yao, ni ukuta wa seli. Utando wenyewe umeugandamia ukuta huo kwa ndani, na ili kujua ulipo hamna budi ubanduliwe. Chumvi ya jikoni inatosha kuifanya kazi hiyo.

Chagua kitunguu maji chekundu, kwa sababu rangi yake ya zambarau imo ndani ya vakuoli, yaani kifuko cha maji kilichomo katika seli, na itakuonyesha mpaka ulipo. Acha maganda makavu ya juu, chukua gamba nene lenye maji, kisha kwa wembe mpya chanja mraba wa milimita 5 kwenye upande wa nje uliobinuka, palipokoza rangi, na uinue ngozi yake taratibu kwa kibano. Ngozi hiyo ikija na nyama nyeupe, itupe uchanje nyingine; seli zikipandana hutaona kitu cha maana.

Itandaze ngozi katika tone la maji juu ya slaidi, bila mikunjo. Kioo cha kufunikia kisimamishe kwa ukingo mmoja, ukilaze polepole ili hewa isinaswe; viputo vya hewa ni vile viduara vyenye ukingo mweusi mnene, na kila mwaka wapo wanaovichora wakidhani ni viini. Anza na lenzi inayokuza mara 4, ndipo uende kwenye ya 10. Utaona seli zilizopangika kama matofali, kila moja ikiwa imejaa zambarau hadi pembeni, kwani vakuoli imechukua karibu nafasi yote na kuisukuma saitoplazimu, yaani ute wa seli, ukutani.

Sasa koroga gramu 5 za chumvi katika mililita 100 za maji. Dondoshea matone mawili kando ya kioo cha kufunikia, na ukingo wa upande wa pili uguse kwa kipande cha tishu, ambacho kitayanyonya maji na kuivuta chumvi ipite chini ya kioo. Usiondoe jicho. Katika dakika chache rangi itaanza kuachia pembe za seli, itajikunja na kukoza, hadi ibaki kama puto la zambarau katikati ya chumba kitupu. Ukingo wa puto hilo ndio unaokuonyesha utando ulipo, ingawa kwa uangalifu zaidi tuseme kwamba rangi inaishia kwenye utando wa vakuoli, na utando wa seli uko nje yake kidogo, ukitenganishwa nao na tabaka jembamba la saitoplazimu.

Kilichotokea ni osmosisi: maji yametoka kuelekea kwenye chumvi nyingi, lakini rangi imezuiwa na utando. Nafasi iliyobaki kati ya utando na ukuta imejaa maji ya chumvi, kwa kuwa ukuta huyapitisha bila kizuizi. Katika mtihani, wanaojibu kwamba imejaa "hewa" au "ombwe" hupoteza alama bure.

Rudisha maji safi kwa njia ileile ya tishu, nayo seli itajaa tena, ila usiiache kwenye chumvi muda mrefu, maana itakufa. Kiini kitazame kwa kipande kingine kilichotiwa tone la iodini, ambamo kitaonekana kama duara la kahawia lililosogezwa upande mmoja. Nakumbuka niliwahi kutia iodini kwanza na chumvi baadaye katika kipande kilekile, nikasubiri nusu saa bila chochote kujongea. Iodini ilikuwa imekwisha ziua seli, na utando uliokufa hauchagui tena cha kupitisha. Ukitaka kuthibitisha, chemsha kipande cha tatu kwa dakika 2: zambarau itakuwa imevujia majini, na chumvi hata uongeze kiasi gani, hakuna puto litakalojitokeza.