Somo: Kutengeneza Kicheza Muziki cha Kidijitali cha Gari

Katika kifaa hiki, sehemu ya muziki ndiyo nyepesi. Umeme ndio unaowashinda wengi, na kwa sababu hiyo nitakaa zaidi hapo. Utahitaji Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya bodi moja), kadi ya kumbukumbu, saketi ya sauti yenye chipu ya PCM5102A (kompyuta hiyo haina tundu la kutolea sauti), konveta ya kushusha volti 12 hadi 5 yenye uwezo wa ampea 3, fyuzi ya ampea 2, vitufe viwili na kebo ya AUX (ya kupeleka sauti kwenye redio ya gari).

Hatua ya 1: Umeme

Betri tunayoiita ya volti 12 hufikia takribani volti 14.4 injini ikiwaka, huweza kushuka chini ya volti 9 stata inapozunguka, na mapigo ya volti nyingi zaidi hupita kwenye nyaya pale mzigo mkubwa unapokatika ghafla. Chagua konveta iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, inayopokea kuanzia volti 6 hadi zaidi ya 30, badala ya chaja ya kuchomeka ya bei rahisi.

Chukua umeme kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC (nafasi ya kuwasha redio na vifaa vingine bila injini), ili kifaa kisiimalize betri usiku kucha. Fyuzi ikae karibu kabisa na pale unapochukulia umeme, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wenyewe; waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari kabla ya fyuzi, hakuna kitakachouzuia kuungua. Pima konveta kwa mita kabla ya kuunganisha kompyuta: isome kati ya volti 5 na 5.2.

Hatua ya 2: Sauti

Kwenye saketi ya sauti, unganisha sehemu iliyoandikwa BCK kwenye pini ya 12 ya kompyuta, LRCK kwenye ya 35 na DIN kwenye ya 40. SCK iende kwenye ethi (upande hasi wa umeme). Kisha ongeza mstari huu katika faili la mipangilio la config.txt lililo kwenye kadi: dtoverlay=hifiberry-dac.

Hatua ya 3: Programu

Weka kwenye kadi mfumo wa Raspberry Pi OS Lite, kisha mpd (programu inayopiga muziki) na mpc (ya kuiamuru), na unakili nyimbo zako. Andaa skripti ya kuendeshwa kila mfumo unapowaka, yenye amri za mpc clear, mpc add /, mpc random on na mpc play.

Mwisho kabisa, ingia raspi-config (programu ya mipangilio ya kompyuta hiyo) uwashe Overlay File System, ambayo huacha kadi ikisomwa tu bila kuandikwa, hata umeme ukikatika ghafla mafaili yabaki salama. Gharama yake ni kwamba kifaa hakikumbuki wimbo ulipoishia, na ukitaka kuongeza nyimbo sharti uizime kwanza. Mimi naona ni bei ndogo kuliko kuandaa kadi upya kila mara.

Hatua ya 4: Vitufe

Kimoja kiruke wimbo, kingine kisimamishe. Kila kimoja kiungwe kati ya pini ya GPIO (pini za kompyuta za kupokea au kutoa ishara) na ethi, kamwe si kwenye volti 12, kwani pini hizo hustahimili volti 3.3 tu. Skrini sikuiweka kwa makusudi: dereva atafute kitufe kwa kidole, macho yabaki barabarani.

Maswali ya wanachama

Swali: Nasikia mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta. Tatizo ni saketi ya sauti?

Jibu: Mara nyingi ni alteneta, kelele zake zikipita kwenye ethi. Peleka ethi ya konveta pale pale ilipo ethi ya redio. Mlio ukibaki, weka kitenganishi chenye transfoma kwenye kebo ya AUX.

Swali: Je, naweza kutumia pawabenki badala ya konveta?

Jibu: Sishauri. Gari lililoegeshwa juani huwa na joto kali ndani, na betri za lithiamu hazipaswi kuachwa humo.

Swali: Nikipiga stata, kifaa kinajizima na kuanza upya.

Jibu: Magari mengi hukata umeme wa ACC wakati huo. Kwa kuwa kadi haiandikwi, hakuna kinachoharibika. Washa injini kwanza, kisha subiri kiwake.