SOMO: Kufunga projekta (taa ya lenzi) na waya mpya kwenye taa za Canter (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, nimechoka. Kila nikipaki Ilula kunywa chai, madereva wanazunguka mbele ya Canter yangu wakichungulia taa, na maswali ni yale yale. Naandika mara moja tu. Gari ni la volti 24, betri mbili. Wa volti 12 mtasoma kwa akili.

Kabla hujatoa hata mia, pima. Injini ikiwa inaunguruma na dimu (mwanga wa chini) inawaka, weka mita kwenye betri, halafu kwenye soketi nyuma ya balbu. Yangu ilisoma 27.8 kwenye betri na 25.1 kwenye soketi. Volti karibu 3 zinaliwa njiani, kwa sababu umeme wa taa unapita kwanza kwenye swichi ya usukani, kisha unarudi mbele kwa kiwaya chembamba kilichozeeka. Na kwa balbu ya halojeni (zile za kawaida), umeme ukishuka asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Wengi wenu hamhitaji projekta kabisa. Mnahitaji hatua ya 1 mpaka ya 4, basi.

Hatua ya 1. Chomoa hasi ya betri.

Hatua ya 2. Vuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka chanya ya betri. Fyuzi ya ampea 15 ikae jirani na betri, si jirani na taa. Waya ukichunwa na chesi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna cha kuuzuia usishike moto.

Hatua ya 3. Rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) mbili za volti 24, moja ya dimu, moja ya fulu (mwanga wa mbali). Pini 30 inapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 inapeleka kwenye taa, 86 inashika waya wa soketi ya zamani, 85 ethi (chuma cha gari).

Hatua ya 4. Ethi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza bolti, paka grisi.

Hatua ya 5. Pasha gundi ya taa kwa mashine ya hewa moto, ubandue kioo taratibu. Projekta inapita kwenye tundu la balbu ya H4 (ile yenye dimu na fulu pamoja), nati inakaa nyuma. Usiikaze moja kwa moja mpaka uwashe ukutani na kuona mstari wa mwanga umelala sawa.

Hatua ya 6. Hapa ndipo nilipoungulia. Projekta ya xenon (balbu ya gesi) ina balbu moja tu kwa dimu na fulu. Ukiwasha fulu, kuna kisumaku cha umeme kinavuta kibati kinachokinga mwanga. Balasti zangu (vifaa vinavyowasha xenon) ziliandikwa volti 9 hadi 32, nami nikajua seti nzima ndivyo ilivyo. Kumbe kisumaku ni cha volti 12. Nikakiunga kwenye 24. Uwanjani kilifanya kazi vizuri, tak, tak, nikajisifu mbele ya utingo. Usiku huohuo kwenye mlima wa Iyovi, fulu ikiwa imewaka muda mrefu, taa ya kushoto ikaanza kunywea. Kulipokucha nikakuta utando wa kahawia ndani ya kioo, na harufu ya koili iliyoungua. Taa ikafunguliwa upya, projekta ikanunuliwa upya. Volti zikiwa mara mbili, joto la koili linakuwa mara nne. Weka konveta ya kushusha 24 kuwa 12 kwa ajili ya visumaku. NA USIIBE VOLTI 12 KUTOKA BETRI MOJA: hiyo itakuwa na njaa kila siku, mwenzake itajazwa kupita kiasi, utazika zote mbili.

Hatua ya 7. Kulenga. Ukuta mita 5 mbele, mstari uwe sentimita 5 chini ya usawa wa katikati ya taa.

MASWALI

Mdau wa Tunduma: Mkuu, bei gani na unapatikana wapi?
Jibu: Siuzi. Hili ni somo.

Mdau wa Mbeya: Nimefunga rilei za volti 12 na zinawaka fresh tu. Acheni kutisha watu.
Jibu: Endesha nusu saa, kisha ziguse. Kwa kidole usichokipenda.

Mdau wa Kahama: Mimi nimetumbukiza balbu za xenon kwenye taa za kawaida, zinamulika kama mchana. Projekta ya nini?
Jibu: Kumbe ni wewe tunayekupigia fulu kila siku.

Mdau wa Njombe: Kaka, natembeza viazi. Nalenga gari likiwa tupu au na mzigo?
Jibu: Swali zuri, dada, nililisahau. Na mzigo. Nyuma ikikaa, pua inanyanyuka, na mwanga uliolengwa gari likiwa tupu unaingia machoni mwa anayekuja.

Mdau wa Songea: Nikipiga fulu, xenon zinazima kwanza halafu zinawaka upya. Waya niliufuata ulivyosema.
Jibu: Kosa ni la somo, si lako. Swichi ya H4 inakata dimu ukipiga fulu, rilei ya dimu inalala. Tumia dayodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) mbili za 1N4007: moja itoke waya wa dimu, nyingine waya wa fulu, zote ziingie pini 86 ya rilei ya dimu, mstari mweupe uelekee kwenye rilei. Ukiweka moja tu, umeme utarudi kinyumenyume.

Mdau wa Arusha: Kwenye Hilux ya zamani rilei haziamki kabisa.
Jibu: Toyota nyingi za zamani swichi inakata hasi, chanya ipo muda wote. 86 ishike chanya ya soketi, 85 ishike waya wa swichi. Na dayodi za hapo juu zihamishie pini 85, uzigeuze.

Mdau wa Moshi: Shemeji ananitumia projekta kutoka Marekani. Nipokee?
Jibu: Muulize kwanza mstari wake unapanda upande gani. Sisi tunaendesha kushoto, ngazi ipande kushoto. Ya kwao inapanda kulia, yaani usoni kwa tunayepishana naye.

Mdau wa Njombe: Na vioo vilivyopauka njano? Utingo wangu anapaka dawa ya meno.
Jibu: Inang'aa wiki mbili tatu. Msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, umalizie kwa polishi na klia (vanishi angavu) ya kuzuia jua. Bila klia, njano inarudi.

Mdau wa Tunduma: Sawa mkuu, lakini kwa makadirio, bei gani?