Kagua taarifa zako za mikopo kabla ya kwenda benki

Anayetaka kukopa fedha za injini ya mtumbwi au mtaji wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, aombe taarifa yake ya mikopo walau miezi miwili kabla, asisubiri kuambiwa dirishani kwamba ombi lake limekataliwa. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012, benki hupeleka kumbukumbu za wakopaji katika kanzidata ya Benki Kuu ya Tanzania, na kampuni zenye leseni, kama vile Creditinfo, huandaa taarifa ya kila mkopaji na alama inayokadiria kama atalipa. Mimi nilikuta mkopo niliokwisha kuulipa ukisomeka kwamba una salio la shilingi 38,000. Kilichoniokoa ni risiti ya rejesho la mwisho, ambayo wino wake ulikuwa umeanza kufifia ndani ya bahasha ya leseni ya uvuvi. Ukimaliza deni, dai barua ya kuthibitisha hivyo, kisha baada ya mwezi au miwili hakikisha kumbukumbu zimerekebishwa. Asiye na mkopo, kukagua mara moja kwa mwaka kwamtosha. Anayekopa kwa simu aangalie mara nyingi zaidi, maana vijideni vya elfu kumi (navijua mwenyewe) husahaulika upesi.